Jiko la Chumba cha Unga

Kitengela,
Novemba 2006

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na zikukute salama wewe, mdogo wangu Mwelu na yule ng'ombe wako mkorofi. Magoti yanasemaje na mvua hii? Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri. Hilo la kulala ni jipya, ndiyo maana leo naandika.

Mwelu aliniambia unadhani nilikukasirikia, maana tangu ulipokuja kututembelea kazini mwezi wa Aprili sikukuandikia neno. Sikukasirika, Mama. Niliona haya. Unakumbuka ule unga mweusi wa nikeli niliokuonyesha, unaopakwa ndani ya betri za simu? Ndio tunaouita kathodi, na kazi yetu ni kuufanya udumu. Baada ya wewe kuondoka ukaanza kuharibika. Tukiukoroga, unaganda kama uji wa jana, na betri zake zinachoka mapema. Mpishi wa unga ni mimi, kwa hiyo macho yote yakanigeukia. Bosi wetu, Okoth, akasema mwaka ukiisha hivyo atafunga chumba chetu, nami nirudi nyumbani Kimuka. Parsaoti wa stoo akanitania kwamba mama yangu ana jicho baya. Nilicheka, lakini iliniuma.

Basi ikaja Ramadhani. Nasro, ninayefanya kazi naye, alikuwa amefunga, tukaona si adabu kumchemshia chai puani. Jiko letu la makaa, lililokuwa pembeni mwa chumba cha unga, likazimwa mwezi mzima. Mama, unga wa mwezi huo haukuganda! Betri zake tunazichaji na kuzitumia mpaka leo, na bado zina nguvu. Baada ya Idi, Nasro mwenyewe akaliwasha jiko atukaribishe chai, na unga ukaganda tena. Alisimama na kikombe mkononi akilitazama lile jiko, kisha akasema tumekuwa tukiulisha unga mvuke wa chai na hewa ya makaa kila siku, nao ukivinyonya huganda. Akalitoa nje. Tumepika tena bila jiko, na unga umetoka laini. Okoth amesema tunaendelea. Nilienda nyuma ya stoo nikalia kwa furaha, sikufichi.

Sasa nikwambie jambo, na usicheke sana. Jiko lile lilikuwa la barazani. Tuliliingiza ndani siku uliyokuja, kwa sababu mvua ilinyesha nawe ukalalamikia magoti, na hakuna aliyekumbuka kulitoa. Kila mgeni aliyefuata alipikiwa chai humo humo. Parsaoti sasa anadai halikuwa jicho, yalikuwa magoti.

Uje tena kabla ya Krismasi. Chai yako ipo, ya maziwa mengi, ila utainywea nje. Nimekununulia blanketi.

Msalimie Mwelu, na Mungu awalinde.

Mwanao ambaye hajawahi kukukasirikia,
Muema