Pweza wa Mwisho wa Likizo

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika hapa Tongoni, marahaba. Bibi yako mzima, ila analalamika kwamba hupigi simu. Mimi bado nawashinda nguvu vijana wote wa hapa, na barua hii naiandika mwenyewe, polepole, sitaki msaada wa mtu.

Umeniuliza kwa nini sijamaliza kile kitabu ulichonitumia, cha watoto waliokutana likizoni. Nimekisoma chote, nimebakiza ukurasa wa mwisho tu. Najua wanaagana, na mimi sitaki.

Nilipokuwa na umri wako, rafiki yangu Shebe wa Muheza alikuja kwetu likizo. Siku yake ya kuondoka, mama alisema mgeni hatoki bila kula, akatukabidhi pweza tukampige kwenye jiwe. Pweza asipopigwa sawasawa haivi. Tukampiga kivivu makusudi, ili gari la jioni lipite.

Mama akatupigia kelele, "Nyie, mnampiga au mnambembeleza?"

"Mgumu huyu, mama!" nikajibu. Kwa uongo nilikuwa hodari pia.

Gari likapita. Tukatafuna nyama ngumu kama kandambili, tukacheka mpaka machozi. Kesho yake Shebe akaenda, kisha kwao wakahama, sikumwona tena. Lakini ile jioni tuliyoiiba ninayo mpaka leo.

Likizo hii njoo. Siku yako ya kuondoka pweza nitampiga mimi mwenyewe, na utashangaa nguvu zangu zote zimekwenda wapi.

Babu yako