Tazameni Ukuta Huu

Jumanne, 10 Machi

Nimepanda ndege! Mimi! Fundi cherehani wa darasa la saba, nimekatiza mawingu nimekaa, na chai nikaletewa kitini! Haya, hujambo daftari — sasa ndiyo nimekusalimu.

Tumefika mchana. Watatu: mimi, Sista na Mcheko. Sista ni muuguzi mstaafu, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mcheko tunashona naye chumba kimoja, yeye mapazia, mimi magauni. Hilo jina kajitafutia mwenyewe. Hucheka hata sindano ikimchoma.

Keshokutwa natimiza sitini. Kitinda mimba wangu, anayeoka keki huku ng'ambo, ndiye aliyesema mama njoo na shoga zako, mtatembea, mtakula vitamu mpaka mseme basi. Nani mwingine mtaani kwetu ana mtoto kama huyo? Nauliza tu. Jibu ninalo.

Alitupokea kwenye mlango wa kioo pale uwanja wa ndege. Nilipomkumbatia mikono yangu ilikutana na mbavu. Amekonda. Nikamwambia, wewe unawalisha watu siagi na krimu, mwenyewe unakula nini, upepo? Akacheka, akakohoa. Eti baridi.

Anakaa ghorofa ya pili. Tulipanda na lifti hata hivyo. Mcheko alipiga kelele kama anachinjwa, mpaka kuna mzee alifungua mlango kuchungulia.

Chumba kimoja, safi, na jiko la kubana viwiko. Pembeni kasimama mfuko wa unga, mkubwa kama mtoto wa chekechea. Wa Jumapili, Kitinda kasema. Jumapili Bosi wake na wenzake wote wa jikoni wanakuja hapahapa kunisherehekea. Halafu akaninong'oneza na aibu zake: Bosi akionja keki alizooka kwa mkono wake bila msaada, anamvika aproni ya mkuu wa jiko. Mbele ya mama yake!

Kwenye kundi la familia nilishaandika kwamba ni mkuu wa jiko. Tangu mwezi uliopita. Nilitangulia kidogo tu.

Jumatano, 11 Machi

Tumetembea! Miguu inawaka moto. Daraja lenye taa za shaba. Sanamu la mtu juu ya farasi, njiwa wamemkalia kichwani bila heshima. Maduka ambayo nguo moja imepewa dirisha zima peke yake.

Na mtoto wangu anajua kila kitu! Hatua chache, anasimama. Tazameni saa ile. Tazameni mlango huu, ule mti, lile paa. Hata bomba la maji katueleza. Nikamwambia Mcheko, umeona? Huyu hakuja ng'ambo kukaa tu, kasoma mji mzima. Mcheko akasema angekuwa anapokea ada.

Kilichotuchelewesha ni goti la Sista. Limeanza leo, ghafla! Kila kwenye mwinuko, "Jamani, nisubirini, goti." Huyu anayefagia uwanja wake na wangu kila asubuhi. Nikamuuliza, Sista, kule wodini ulikuwa unauguza au unauguzwa? Mcheko naye akamchapa na methali: "Mficha maradhi, shoga, kilio humfichua!" Tukacheka. Kitinda alicheka kidogo, akageuka kuangalia pembeni.

Tuliporudi nikawajaribisha sare za kesho. Magauni manne, kitambaa kimoja cha buluu, nimeshona mwenyewe. Yetu yamekaa. La Kitinda limegoma. Nimelishona kwa vipimo vyake, ninavyo kichwani kama jina langu. Lakini shingo inambana na pindo la mbele limepanda. Nikavuta, nikashusha. Mabega ndiyo yamepanda. Yamekaa karibu na masikio, kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Nikamwambia shusha mabega. Akashusha. Nikageuka kuchukua pini, nikarudi, yamepanda tena.

Mwili wa mtu haubadiliki mabega hivi hivi.

Nimefumua shingo.

Alhamisi, 12 Machi

Sitini! Nimezaliwa leo!

Asubuhi ilianza kwa vigelegele. Kifungua mimba wangu alipiga simu kutoka nyumbani, akasema kundi zima linasubiri picha ya aproni. Kitinda alikuwa karibu, alisikia. Akasema, "Watapata, kaka."

Tukavaa sare. Barabarani watu walitugeukia, nami nikatembea kama niliyeajiriwa kutembea.

Kitinda alitupeleka kwenye mnara. Wa mawe, wa zamani, unauona mji wote kutoka juu. Lifti hakuna. Ngazi zinazunguka kama ganda la konokono. Alitangulia mbele, akiimba wimbo wa kuzaliwa. Wimbo haukufika mwisho.

Penye dirisha la kwanza akasimama. Tazameni mapaa. Tukatazama, mekundu yote. Tukapanda. Akasimama. Tazameni kamba ya kengele. Nene kama mkono. Tukapanda kidogo tu, akasimama tena.

"Tazameni ukuta huu."

Tukatazama. Ukuta. Mweupe, wa chokaa. Hauna picha, hauna maandishi, hauna hata ufa! Mcheko, Mungu ambariki, aliupiga picha. "Mzuri," akasema.

Mimi niliacha ukuta, nikamtazama mwanangu. Mdomo unatabasamu. Mkono umeshika jiwe. Mabega masikioni. Na pale chini ya koo, kila akivuta pumzi, panabonyea shimo. Pumzi yenyewe inalia. Kama mlango uliokosa mafuta.

Kumbe jana yote. Saa, mlango, mti, bomba la maji! Hakuwa anatuonyesha mji. Alikuwa anatafuta pumzi.

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema Sista akapiga kelele huko nyuma: "Goti langu! Sipandi tena, hata mkinibeba!" Akajibwaga kwenye ngazi. Na goti bovu, lilelile, kalikunja chini yake akalikalia kama msichana anayecheza kete.

Sista anajua.

Hatukufika juu. Mcheko peke yake ndiye aliyefika, akarudi anasema kuna upepo na hakuna choo.

Kisha tukaenda dukani kwa Kitinda, kula keki. Kioo chote kimejaa! Za tabaka nyembamba kama karatasi, zinavunjika ukiziangalia. Za lozi. Za krimu na tunda juu, zimepangwa kama watoto wa shule. Muuzaji akasema wewe ndiye mama yake? Za leo hazilipiwi. Siku nyingine ningemsimulia tangu Kitinda anaota meno.

Kitinda hakuingia. Alisema keki anaziona kila siku, atatusubiri kwenye benchi. Mlango wa jiko ulipofunguliwa niliona kwa nini: unga umejaa hewani kama ukungu, na taa zimeupenya. Wenzake wamo humo wanacheka, wazima, unga umewajaa mpaka kwenye nyusi.

Nilibeba keki yangu ya lozi nikaenda nje. Tukaila wote wawili, mkono kwa mkono. Tamu, nakubali. Nilitaka kumuuliza. Nikamwambia, lozi hizi mmezikaanga vizuri. Akasema ahsante mama.

Niliogopa jibu. Mimi, ninayejulikana kwa mdomo mrefu, niliogopa.

Ijumaa, 13 Machi

Kitinda katoka asubuhi kwenda kazini. Alipofunga tu mlango, nikamgeukia Sista.

"Goti linaendeleaje?"

Akaweka kikombe chini. "Limepona."

Akasema alikisikia kifua cha Kitinda tangu uwanja wa ndege, aliponikumbatia mimi. Nikamwambia, na ukaninyamazia? Akasema, "Ulikuwa unameremeta, shoga. Na nilitaka ulisikie kwake, si kwangu." Mcheko aliuliza mnaongea nini. Tulipomwambia, hakucheka. Sijawahi kumwona Mcheko bila meno. Uso mwingine kabisa. Alitoa simu akaifuta ile picha ya ukuta.

Sista alisema yeye si daktari. Ila wodini kwake walikuwa wakija watu wa kinu cha kusaga nafaka. Unga ukiingia kifuani kila siku, kuna vifua vinaukataa. Mara ya kwanza kikohozi. Halafu filimbi. Halafu mtu anakuwa hana ngazi anayoiweza.

"Halafu?"

"Halafu kuna siku kifua kinafunga."

"Kinafungaje?"

"Kinafunga, shoga."

Siku nzima nimeshona. Nilikuwa na pindo moja tu la kushona. Nimelishona, nimelifumua, nimelishona. Kila lifti ikilia nasimama.

Karudi alasiri, na weupe kwenye kope. Nikamvua koti mwenyewe, nikalikung'utia dirishani. Nikamwambia, mwanangu, ule ukuta ulikuwa na nini?

Kisha akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kuvuta, akakiweka mezani. Hakulia. Alisema daktari ameshamwambia: pumu, na inatokana na unga, aache unga. Kazini hawajui. Anavutia dawa chooni, maji yakiwa yanamwagika ili wasisikie.

Nikasema basi, unaacha. Leo.

"Nikiacha nafanya nini, mama? Kibali changu cha kukaa huku kimeshikwa na kazi hii." Kisha akasema kwa upole, si kwa ubaya, na ndiyo imeniuma zaidi: "Na wewe umeshawaambia watu. Acha nivishwe kwanza. Baada ya Jumapili nitaona."

Nimejikaza kisabuni. Nikamwuliza, na hizo keki za Jumapili utaoka lini? Kesho, akasema. Kutwa nzima. Humu humu, kwenye hili jiko lisilo na dirisha.

Akaniomba Bosi nisimwambie. Nikachukua tena pindo langu. Sista aliangalia mikono yake.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekalia sanduku. Mwandiko ukienda upande ni kwa sababu hiyo.

Asubuhi Kitinda kashuka dukani kununua mayai na siagi. Nikasema, shoga zangu, sasa hivi. Sista kalowesha taulo, tukaufunika ule mfuko wa unga ili usitimue vumbi. Nikamwaga magauni yangu yote kitandani. Tukaubeba watatu kama tunaiba maiti. Mcheko anacheka, machozi yanamtoka, sijui yalikuwa ya kicheko au ya nini. Ukaingia sandukuni mwangu. Zipu ikagoma. Nikapanda juu. Mimi si mwepesi, zipu ikanyamaza.

Lifti ikalia.

Kitinda akaingia jikoni. Akatoka. "Mama, unga uko wapi?"

"Unga gani?" akasema Mcheko. Na pua yake nyeupe pepepe!

Kitinda akaiona pua. Akaniona mimi, juu ya sanduku, mikono magotini, kama abiria wa stendi. Akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha utotoni, cha kujikunja — na katikati kicheko kikakatika. Filimbi. Mayai yalimdondoka. Macho yake yalinitafuta, mkono unapapasa mfuko, hauoni mfuko. Sista alimfikia kabla yangu. Akamkalisha, akamwekea kichupa mdomoni, vuta, shika, toa, tena. Mimi nilikuwa nimesimama, nimepiga magoti, sikumbuki. Nilimshika mguu. Kitu nilichokiweza ndicho hicho, kumshika mguu.

Na unga wenyewe hakuugusa! Kucheka tu.

Imepita. Sista anasema imepita. Kakaa dirishani, blanketi mabegani, midomo imeanza kurudi rangi yake. Mimi nimerudi kwenye sanduku langu. Tunatazamana.

Kasema mama, ondoka hapo. Nikasema siondoki. Kasema duka liko chini, nitanunua mwingine. Nikamwambia kanunue. Tumekuja watatu, na masanduku matatu. Mcheko akasema langu ndilo kubwa. Kitinda alitaka kucheka, Sista akamwinulia kidole, akaacha. Mtoto wangu anakatazwa kucheka!

Simu yake imelia sasa hivi. Bosi. Kausoma ujumbe kwa sauti: wataleta viti vyao, wako tisa, aproni ameshaipiga pasi. Sentensi fupi hiyo, kavuta pumzi mara mbili kuimaliza. Kisha akainua macho. "Nimjibu nini, mama?"

Kifungua mimba naye kaandika kwenye kundi, anadai picha. Sijamjibu. Nikimjibu nitaandika nini, mimi niliyeandika yote?

Najua la kusema likiwa moyoni. Likifika kooni linageuka kibali, linageuka ndege ya kurudi nyumbani, linageuka mtoto ambaye hatanisamehe. Nikinyamaza linageuka lile shimo la chini ya koo.

Yeye bado ananitazama, simu mkononi. Mayai yamemwagika sakafuni, hakuna aliyeyapangusa. Unga uko chini yangu, nauhisi, umejaa na umelala kama mtu.

Kesho ni Jumapili. Saa kumi jioni, wote wanakuja.