Shimo la Chumba cha Mama

Mtinko, 6 Julai 1975

Mdogo wangu Alute,

Uliuliza kama nyumba hii ya mabati uliyotutumia inashinda tembe tuliloliacha tulipohamia kijiji cha ujamaa. Haivuji, na sipandi tena juu kila masika kuziba paa kwa udongo. Mgongo wangu unakushukuru. Lakini mchana tunaiva kama viazi, na alfajiri baridi inatukunja. Tembe lilichimbiwa ardhini, likatupa joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa jua. Basi nikajitia fundi, nikakandika udongo juu ya mabati yako. Ulipokauka uliporomoka wote, nami nikaufuata. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho hakijakoma. Jana aliniambia, “Antipasi, baba yako huko kaburini anapata joto kuliko mimi.”

Nilichukua jembe, nikaanza kuchimba sakafu ya chumba chake, nishuke hadi magotini. Ardhi ni ngumu. Njoo, Alute, tuchimbe shimo hili pamoja, nisije nikachimba lingine bila wewe.

Kaka yako, fundi wa kuporomoka,
Antipasi