Mkono wa Bibi Juu ya Picha ya Bandari

Mpendwa Baba,

Jumamosi iliyopita tulimaliza matanga yako. Mama amerudi kuvaa nguo za rangi, na mimi nimerudi kwenye programu yetu. Mwalimu wa Kiswahili ameomba barua hii aibandike ukutani pale shuleni, kwa hiyo nitaeleza hata mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Univumilie.

Unakumbuka tulivyoanza? Ilikuwa Jumapili baada ya misa, tumekaa barazani, ziwa likionekana chini kabisa kati ya mapaa ya mtaa wetu wa Kinanira. Ulikuwa na ile tableti yako yenye ufa kwenye kona, na ndani yake picha moja ambayo mwenzako wa kazi aliipiga bandarini. Wapakuzi wamesimama mbele ya winchi, wengine bado wana vumbi la saruji mabegani. Wewe uko mstari wa nyuma, mwisho kabisa, umebana makaratasi ya forodha kwapani, uso wako mdogo kama punje ya haragwe.

Ulitaka mtu akimgusa yeyote kwenye picha, jina lake litokee. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Mutu anakubebea muzigo kila siku, na we unamuita 'weye wa pale'. Si vizuri."

Ukanifundisha kwamba skrini haijui picha wala watu. Inajua kidole tu: kimeshuka, kinasogea, kimeinuka. Mengine yote ni sisi tunaoyaandika. Nilipenda sana neno lile, kwa sababu mimi watu hunichosha kuwaelewa, lakini kitu kinacholeta habari tatu tu nilidhani nitakiweza.

Sikukiweza siku ile. Tuliandika mistari ya programu ya kukuza picha kwa vidole viwili, ukaweka vidole vyako juu ya kofia ya Salvatori, mpakuzi yule mrefu uliyekuwa ukila naye mchana, ukavipanua. Picha ikakua kweli, lakini ikakimbilia kwenye kona yake, na chini ya vidole vyako likatokea gurudumu la lori.

"Nimemutafuta Salvatori, naona tairi!" ulisema, ukacheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza nani amekuja.

Kisha ukaacha kucheka, ukanieleza polepole. "Kile mutu amegusa kibakie chini ya kidole chake. Akivuta, kikue palepale. Kikimukimbia, hatakuamini tena." Tulirekebisha hesabu mpaka kofia ya Salvatori ikatulia.

Halafu ikaja kazi ya kuchora mipaka. Mimi nilikuwa nimemwekea kila mtu kisanduku cha pembe nne, lakini watu waliosimama wamebanana hawakai kwenye visanduku. Ukigusa bega la mmoja, linatokea jina la jirani yake. Ikabidi tuwazungushie mstari mmoja mmoja, nukta baada ya nukta, kufuata sikio, shingo, kiwiko. Mimi nachora, wewe unasimulia: huyu ana mke Uvira, huyu anaimba kwaya, huyu akikudanganya anajikuna pua. Nadhani zile ndizo saa nilizowahi kukusikia ukiongea kwa muda mrefu zaidi. Nilichora taratibu makusudi.

Nilipofika kwako ulinizuia. "Mi unanijua. Anza na hao wengine."

Hatukufika tena kwako. Ulilazwa, na nisingependa kuandika habari za wodi ile.

Jambo ambalo hukulijua ni hili. Siku tulipokuzika, Bibi, mama yako, alikuwa naye amelazwa huko mlimani kwenu, na daktari alimkataza kusafiri. Baadaye alimpigia Mama simu. Nilikuwa karibu, nikasikia. Aliuliza ulivalishwa nini, Mama akamjibu. Aliuliza uso wako ulikuwaje, na Mama akashindwa. Akanipa simu, na mimi nikashindwa vilevile.

Picha zako alizonazo Bibi ni za harusi, kijana mwembamba ambaye mimi simjui. Miaka yote ya karibuni wewe ndiye uliyekuwa ukishika simu na kutupiga picha sisi. Iliyobaki ni ile ya bandarini. Nikajiambia kwamba Bibi akishuka kwa ajili ya kumaliza matanga, ataugusa uso wako humo, nao utakua na kumjia. Nikakuchorea mpaka wako. Nilianzia kwenye sikio la kulia. Kuna mahali shavu lako linaingia kwenye kivuli cha kofia ya mtu wa mbele, na ilinichukua muda kuamua wewe unaishia wapi.

Basi Jumamosi. Hema uani, viti vya kukodi, baba mdogo Dezire amevaa suti kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Bibi alikaa sebuleni, amepona ila macho yamepungua nguvu. Nilisimama mlangoni na tableti kifuani, mpaka baba mdogo aliponiona.

"Njoo, injinia! Unaogopa nini? Bibi yako haumi mutu."

Nikapiga magoti mbele yake nikamwekea tableti mapajani. Nilisema tu, "Bibi, Baba ni huyu hapa. Muguse."

Baba, hakunyoosha kidole. Aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, hapo chini ya kiwiko, kama mtu anayempokea mgeni wa heshima, akaulaza wote juu ya picha, kiganja wazi.

Programu yetu ilikuwa haijawahi kuguswa hivyo. Vidole vyote vilileta habari kwa pamoja, nayo ikavichukua kama watu wanaovutana. Picha ikazunguka, winchi likawa kichwa chini, watu wakakimbilia pembeni. Wewe ukatoka kabisa kwenye skrini.

"Amekwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Mama, kidole kimoja!" baba mdogo alisema. "Kimoja tu, hivi!"

"Mi nimunyooshee mutoto wangu kidole kama mwizi? Apana, Dezire."

"Basi leta, mi nitakuvutia. We utaangalia tu."

Bibi hakupandisha sauti. "Walimuosha wengine. Walimufunika wengine. Leo mi mwenyewe nitamugusa."

Nilichukua tableti nikaenda nayo kwenye stoo ya jikoni, ilipo kompyuta, nikaomba Mungu umeme usikatike.

Nilijua kosa liko wapi mara tu nilipokaa. Mimi na wewe tulifikiri mguso ni kidole, kwa sababu sisi tulikuwa tunamgusa Salvatori kama kitu cha kujaribia. Hatukufikiria kwamba kuna mtu atakayeijia picha ile kama anayesalimia watu. Hata mimi, ungekuwa umeketi mbele yangu, nisingethubutu kukuelekezea kidole usoni. Kwenye kioo nilisahau.

Nikaandika kwamba vikishuka vidole zaidi ya viwili, picha isizunguke, isipime vinaachana kiasi gani. Itafute katikati ya vyote, imwone aliye chini ya hapo, imlete polepole. Nikajaribu kwa mkono wangu. Ukaja bila kutikisika, lakini sikukuona. Kiganja kilikuwa kimekufunika.

Hapo ndipo nilipovunja sheria yako, Baba. Ulisema kilichoguswa kibaki palepale kilipoguswa. Hiyo ni haki ya kidole. Mkono wazi unaficha unachokigusa, kwa hiyo ukiugusa uso kwa mkono, uso inabidi upande juu ya vidole. Nilikaa kidogo nikisubiri unikatalie, kama ilivyokuwa kawaida yetu. Kisha nikabadilisha mstari ule.

Niliporudi sebuleni vinywaji vilikuwa vimeshagawiwa. Nilipiga magoti tena. Bibi aliulaza mkono vilevile, kiwiko kimeshikwa. Watu wa bandarini walisogea taratibu, na wewe ukapanda juu ya ncha za vidole vyake, mkubwa, umekunja macho kwa jua la ziwani, jina lako chini ya kidevu.

Bibi aliinamisha kichwa karibu kabisa.

"Hakunyoa," alisema.

Baba mdogo alicheka kidogo, kisha akageukia dirishani.

"Lakini mashavu iko. Alikuwa anakula." Halafu Bibi akaongea na wewe, si na sisi. "Mama yako nimefika. Nimechelewa, lakini nimefika."

Mama alikuja akasimama nyuma ya kiti. Mwishowe Bibi aliinua mkono, na wewe ukabaki palepale, uso mkubwa peke yake kwenye kioo, kwa sababu sikuwa nimefikiria kitakachotokea baadaye. Aliutazama uso ule hivyo, akanigusa bega.

"Sasa murudishe kwa wenzake. Usimuache peke yake."

Nikaweka vidole vyangu viwili nikavikusanya polepole, kadiri nilivyoweza. Ikaingia kofia ya mtu wa mbele yako. Akaingia yule wa kwaya, na Salvatori, na wenye vumbi la saruji, na winchi nyuma yao, mpaka ukawa tena punje mwishoni mwa mstari.

"Hapo," Bibi alisema. "Yuko na watu."

Nimekuwa nikikufikiria kila siku kama ile picha iliyokuzwa, Baba, uso wako umejaza kila mahali na hakuna nafasi ya kitu kingine. Wiki hii nimeandika mistari michache mipya, ili mkono ukiinuka, picha irudi yenyewe, taratibu. Naijaribu kila nikitoka shule. Bado inanitoa machozi kidogo inaporudi, lakini naiacha ifike mpaka mwisho.

Ubaki salama kati ya wenzako.

Mimi bucura wako, mtoto wa mwisho