Mto wa Shemeji Yako

Chanji,
Sumbawanga, Ufipa.
21 Julai, 1954.

Mpendwa mdogo wangu Saad,

Assalaam alaikum. Shikamoo yako niliipata kwa mkono wa Bwana Huseni alipopita hapa akitoka Tabora, nami naijibu: marahaba. Hujambo lakini? Mkeo Mwanaheri hajambo? Mama je, miguu imepungua kuvimba au bado anakaa kibarazani akisingizia kwamba anapunga upepo?

Sisi huku tunashukuru. Baridi ya Julai imetukamata barabara, asubuhi mtu hataki kutoa mkono nje ya blanketi. Mavuno ni mazuri. Ulezi umejaa mpaka watu wa kijiji cha Pito wanakosa pa kuuanika. Mimi mzima, watoto wazima. Shemeji yako Bashiri anatembea, anakula kidogo, anafungua duka. Sisemi kwamba ni mzima, na sababu utaiona hapa chini.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira, Saad, na hasira yenyewe ni juu yako. Kaa chini usome, na usianze kucheka kabla hujafika mwisho, maana hicho kicheko chako ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka siku ya Idi? Ulikuwa kwenye baraza yetu, sinia la pilau mbele yako, na nusu ya wenye maduka wa Sumbawanga wamekaa hapo. Bashiri akalileta lori mlangoni ili ulione, maana wewe ni dereva wa siku nyingi na yeye ameanza juzi. Alitaka neno moja tu kutoka kwako, kwamba lori zuri. Wewe ukapanda, ukachungulia, ukauchomoa mto alioukalia, ukauinua juu watu wote wauone. Ukasema, "Jamani, madereva wote duniani huvuka mto. Shemeji yangu peke yake anaukalia!"

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pilau. Nilivisikia vicheko nikiwa jikoni, nikadhani mmepata habari njema. Bashiri naye alicheka. Angefanya nini? Shemeji akikutania unacheka, ukinuna umejiaibisha mara ya pili. Alicheka pamoja nanyi, jino nje, na hakula tena siku ile.

Wewe ulirudi Tabora na mdomo wako, lakini maneno yako uliyaacha hapa. Sasa mume wangu haitwi Bashiri. Anaitwa Bwana Mto. Akipita sokoni anaulizwa kama maji yamejaa. Akichelewa kufungua duka wanasema mto umekauka. Hata watoto wa Pito wakilisikia lori wanakimbia nyuma yake kwenye vumbi wakiimba, "Mto! Mto!" Ala! Mtu mzima, mwenye duka na lori, anaimbiwa na watoto wasiofunga vifungo vya mashati.

Ungeniuliza mto ule umetoka wapi ningekuambia, lakini hukuuliza. Wewe Mungu kakujalia miguu kama nguzo za simu, ukipanda gari lolote miguu inafika yenyewe na kichwa kinagusa bati. Bashiri ni mfupi. Hilo nalijua mimi niliyeolewa naye, na sijawahi kuliona kuwa kasoro. Lakini kiti cha lile lori kimefungwa kwa bolti, hakiendi mbele wala nyuma, na aliyekifunga alikuwa akiwafikiria watu kama wewe.

Siku za mwanzo alikuwa akirudi mgongo umekufa ganzi. Akaenda kwa Mzee Kalisti, yule dereva wa lori la misheni ya Kaengesa, akamwomba aje nyumbani amtazame. Mzee akamkalisha, akamwambia akanyage klachi mpaka mwisho. Bashiri akateleza mbele kama mtoto anayeshuka kitandani. Mzee akasema, "Bwana Bashiri, gari haliendeshwi kwa kidole gumba."

Akamweleza yote, nami nilikuwapo, nimebeba chai. Kwamba mguu ukinyooka wote ndipo ufike kwenye breki, mguu huo umekwisha nguvu. Goti libaki na mkunjo hata ukiwa umekanyaga mpaka chini. Mgongo uegemee, maana siku ya kufunga breki kwa ghafla mtu hujisukuma kwa mgongo. Viwiko vilegee, usiuning'inie usukani kama nguo kwenye kamba. Na macho yapite juu ya usukani na juu ya boneti, yaione barabara ya karibu na si ile ya mbali tu.

Ndipo akaniagiza nishone mito miwili, wa kukalia na wa mgongoni. Niliishona kwa turubai, nikaijaza sufi nikaishindilia mpaka vidole vikaniuma, kwa sababu alisema mto laini ni hatari, kila shimo mtu anabonyea nao. Chini akaweka ubao. Tangu siku ile Bashiri aliendesha kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Hakulalamika mgongo, hakugonga hata kuku. Huo ndio mto uliouinua juu mbele ya watu, Saad. Kazi ya mikono ya dada yako.

Ulipoondoka tu aliitupa yote miwili ghalani, juu ya magunia ya mahindi. Nilipomuuliza akasema kiti kimezoeleka. Uongo! Sasa anakaa ukingoni, nusu ya makalio hewani, mgongo haugusi kitu. Shingo kainyoosha, na barabara anaitazama kupitia katikati ya usukani, chini ya duara lake. Ukikutana na lori unaona kofia tu inakuja.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Usaha wenyewe ndio huu.

Juma lililopita alikwenda Kaengesa kuchukua ulezi. Kuna mama mmoja mkulima wa huko anaitwa Emerensiana. Alikuwa njiani na kapu lake, likamponyoka kichwani, akachuchumaa kandokando ya barabara kuzoa vilivyomwagika. Mtu aliyekaa sawasawa angemwona tangu mbali. Bashiri hakumwona. Alikuwa akiona kilima cha mbele na mbingu. Kilichomshtua ni ukelele wa yule mama, na alipokanyaga breki, kiatu kikateleza, kwa kuwa alikuwa ameifikia kwa ncha tu. Akaukata usukani. Lori likapita juu ya kapu, likaingia mtaroni. Emerensiana alibaki ameketi barabarani, mikono kichwani, mzima, na gurudumu lilikuwa limepita pale kapu lilipoangukia.

Mzee Kalisti ndiye aliyekuja kulivuta lori na ndiye aliyenieleza, maana mwenyewe aliporudi nyumbani aliniambia ametelezea kwenye mchanga.

Jumapili, misa ilipokwisha, nikamwona Emerensiana mlangoni kwangu. Nikatandika mkeka, nikachemsha chai, nikajiandaa kutukanwa, na haki yake ilikuwapo. Hakunitukana. Alikunywa chai yake polepole, akaniuliza kama ni kweli mume wangu anao mto na hataki kuukalia. Nikasema ni kweli. Akatazama kikombe. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifipa, "Basi mama, mwambie akalie chochote. Akalie hata kinu. Mradi anione."

Saad, sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Jioni ile niliichukua mito ghalani, nikaikung'uta, nikaiweka mwenyewe kwenye lori, ubao chini kama alivyofundisha Mzee Kalisti. Asubuhi Bashiri akaitoa mbele ya wapakizi, akaitupa uani. Akaniuliza kama nataka awe kichekesho cha mji mpaka azikwe. Nikamwambia heri mume anayechekwa kuliko mume anayeliliwa. Alipanda akaondoka.

Usidhani yeye nimemwachia. Nina hasira naye kiasi kwamba uji namsogezea bila kumtazama. Maana kuna jambo jingine analificha. Siku ile mtaroni kifua chake kiligonga usukani. Akikohoa anashika ubavu, na akisujudu anachelewa kuinuka. Nikimwambia aende akaonwe hospitali anasema ni baridi ya Julai. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani wa kumwambia? Mwanamume aliyechekwa hasikii la mkewe. Analiona ni huruma, na huruma inamuuma kuliko ubavu.

Sasa utaniuliza kwa nini nakuandikia wewe. Kwa sababu wewe uliyemvisha aibu ndiwe unayeweza kumvua. Mzee Kalisti kashasema naye, akaitikia kwa adabu na kuendelea vilevile. Mimi nimesema mpaka koo limekauka. Umebaki wewe.

Na ole wako umwombe radhi! Usithubutu. Ukimwomba radhi atajua nimekuandikia, na mji mzima utajua utani wa shemeji ulimwingia moyoni, basi hapo atauza lori au atalipeleka kwa makusudi korongoni. Utani hutolewa kwa utani, hilo wewe unalijua kuliko mimi, usijifanye mgeni.

Mwandikie kwa anwani ya duka, maana barua zako huwa anazisoma kwa sauti barazani, watu wakisikiliza. Mwambie umesikia kwa wapita njia kwamba ameutupa mto. Mwambie hukujua kwamba neno lako moja lina nguvu ya kumng'oa mwanamume kwenye kiti chake akiwa kwake Sumbawanga, na wewe uko Tabora unakula asali. Mwambie tangu leo unamhesabu kuwa umemshinda, na akija huko utamkalisha mkekani pamoja na watoto. Mchokoze hasa. Namjua mume wangu. Barua haitakunjwa kabla hajautia mto ule kwenye lori ili akukomoe, na waliomcheka watakaa upande wake, maana watu hupenda kumwona dereva wa Tabora akishindwa.

Hayo huyawezi? Mbona ya Idi uliyaweza bila kufikiri?

Sasa sikiliza jambo lililobaki. Jumamosi Bashiri anateremka bondeni Rukwa kwenda kupakia mpunga. Mteremko ule unaujua, uliwahi kupita na ukasema usingependa kupita tena. Kona juu ya kona, mkono huu mwamba, mkono ule hakuna kitu, miti ya bondeni unaiona kama nyasi. Pale ndipo anapokwenda kukanyaga breki kwa kidole gumba, na kifua kinachomuuma. Barua hii haitakuwa imefika kwako.

Nimemwambia nami nakwenda. Alikataa, akasema lori la mpunga si mahali pa mwanamke. Nikamwambia kama ni salama kwake ni salama kwangu, na kama si salama aseme. Akachukua kofia yake, akatoka kwenda dukani. Basi nitapanda. Watoto nitawaacha kwa mama mkwe. Nitakaa kushoto kwake nimwambie kila kilicho chini ya macho yake: mtu, ng'ombe, shimo, kona. Na safari itakayofuata nitapanda, na ile ya baada yake, mpaka nisikie barua yako inasomwa barazani.

Kwa hiyo ule uvivu wako wa kuandika, wa kuweka karatasi mezani ukasema nitamaliza kesho, safari hii utatugharimu wawili.

Nisalimie Mwanaheri, mwambie kanga aliyoniletea imenipendeza na imesifiwa. Mama mkwe anakusalimu. Mzee Kalisti naye aliuliza habari zako, kwa upole kuliko unavyostahili. Mwenyezi Mungu akulinde katika barabara zako zote, akupe afya, na akulegezee mkono wako wa kuandika.

Mama msalimie sana, umbusu mkono kwa niaba yangu. Na usimwambie kwamba ninapanda lori. Akikuuliza habari zangu, mwambie Kulsumu yuko nyumbani kwake anapika, hana neno. Utamwambia ukimtazama machoni, Saad, kila siku atakayouliza, mpaka siku utakapoitia stempu barua hiyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu,

Kulsumu