Jino la Juu

Bibi yangu uliyelala Mkunya,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka kichwani tangu nikiwa na miaka saba. Ni sauti ya kijiko cha chai kikigonga jino la mtoto. Ni ndogo sana, ukiwa unaongea huisikii. Lakini siku ile nilikuwa kimya, nimekaa kwenye mkeka barazani kwako, Yohana yuko mapajani pangu, namlisha uji. Kijiko kikagota. Nikakirudisha makusudi, kikagota tena. Nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nikaita, "Bibi, Yohana ameota jino."

Ulikuwa ndani unapiga pasi vitambaa vya altare. Hukuja mbio. Uliuliza kutoka hukohuko, polepole, "La juu au la chini?"

Nikampanua mdogo wangu mdomo kwa kidole, nikatazama vizuri kama ulivyonifundisha kutazama kila kitu vizuri, nikajibu, "La juu."

Nikasikia umeiweka pasi chini.

Mimi ni mwalimu sasa, Bibi. Nafundisha sekondari hapa Masasi, tumepanga Lisekese, na kazi yangu ya kila siku ni kusahihisha majibu ya watoto. Lile lilikuwa jibu sahihi. Sijawahi kutoa jingine lililonigharimu kama lile.

Watu wa Mkunya bado wanakusifu kwa vile vitambaa. Babu yako alibatizwa na wamisheni, na kwenu kazi ya altare ilikuwa kama shamba la ukoo, mtu anaipokea kwa mama yake na kumwachia bintiye. Kila Jumamosi ulivifua kwa maji ya mvua uliyoyatunza kwenye pipa, na maji kwetu huko juu mlimani ni adimu, hayachezewi. Ukavipiga pasi ya mkaa, kisha ukanipa kimoja kimoja nikinyooshe kwenye mwanga wa mlango. "Macho yako mapya haya," ulisema, "hebu nitafutie doa." Nikiona doa, hata la ukubwa wa kichwa cha sindano, ulikitoa na kukiweka pembeni. "Hiki hakiendi mezani kwa Bwana. Cha Mungu hakina doa."

Nilikuamini kabisa. Nilikuwa napiga magoti kanisani najikagua: uongo wa jana, kipande cha muhogo nilichokula kwa kujificha, wivu wangu kwa watoto wenye mama. Nilijiona kitambaa, na nilijua ningewekwa pembeni.

Kwa macho hayohayo ukaanza kumtazama Yohana. Mama yetu alifariki akimzaa. Baba alikuwa amekwenda Tunduru kutafuta maisha na hakurudi. Wewe ndiye uliyemlea kwa maziwa ya mbuzi, ukambeba mgongoni mpaka shambani, ukaokota korosho naye mgongoni, umeinama, unamwimbia. Miezi saba ulimpenda, mimi ni shahidi. Halafu kwa jino moja ukaacha kumbeba. Ukawa unamlaza kwenye mkeka na kumtazama kwa mbali. Hapo ndipo nilipolisikia neno kigego kwa mara ya kwanza. Ulinieleza bila kuniangalia usoni: mtoto anayetanguliza meno ya juu, akiachwa hivyohivyo atamaliza watu wa kwao. Na mama alikuwa ameshakufa. Kwa hesabu yako, kazi ilikuwa imeanza.

Jumatatu ukaenda naye Mnyambe. Alhamisi ukarudi na kanga uliyombebea, imekunjwa vizuri, mkononi.

"Homa," uliwaambia majirani. Walikupa pole, wakakaa, wakanywa uji. Hakuna aliyeuliza amezikwa wapi. Mimi niliuliza, ukaniambia nikateke maji. Jumamosi ukafua vitambaa kama kawaida, lakini hukuniita tena kutafuta doa. Hukuniita tena mpaka nikawa mtu mzima.

Miaka miwili iliyopita, ulipolazwa hospitali, nilikuwa nakupaka mafuta miguuni. Wagonjwa wengine walikuwa wamelala, mchana ule wa joto. Ukasema, bila mimi kuuliza kitu, "Yohana hakufa kwa homa."

Niliendelea kupaka. Niliogopa nikiacha utanyamaza.

Ukaniambia kule Mnyambe ulimpeleka kwa mama mmoja mganga, naye akamnywesha maji ya mizizi ya kuyarudisha meno. Ukaniambia akaharisha siku mbili. Wewe ulikaa nje ya mlango kwa sababu ndivyo ulivyoagizwa, na ulimsikia akilia mpaka akaacha.

"Mbona hukuingia, Bibi?"

"Nilidhani Mungu anamsafisha."

Wiki ileile ulifariki, na kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Padri alikuita mama asiye na lawama. Nilikuwa benchi la mbele. Nilisema amina pamoja na wengine.

Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu, na nadhani najua ulipopotea. Hukuwa mkatili. Ungekuwa mkatili ningeshakuchukia nikapumzika. Ulikuwa na imani, na uliichukua sheria ya vitambaa ukampimia mtoto. Lakini kitambaa ni sisi tunaompelekea Mungu. Mtoto ni Yeye anayetuletea sisi. Anayepokea hakagui. Yohana hakuwa anangoja kusafishwa ili afae. Alikuja anafaa tangu tumboni mwa mama, pamoja na ufizi wake na kila kilichokuwa kinasubiri humo ndani. Kama kuna neno ukamilifu, basi ni lile jicho ambalo Mungu alimtazamia kabla sisi hatujamtazama kwa la kwetu. Sisi ndio tuliokuja na wasiwasi wetu na kuuita doa.

Nayasema haya kwa urahisi nikiwa na kalamu. Mwezi uliopita sikuweza kuyasema.

Nina binti, Bibi. Humjui. Anaitwa Tumaini, ana miezi minane. Anacheka na kila mtu, hata na kuku. Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nilikuwa namlisha uji. Kijiko kikagota.

Sikukirudisha. Nilikiweka kwenye bakuli na nikakaa. Nje watu walikuwa wanapita kwenda sokoni, nawasikia wanabishana bei ya ming'oko, ile mizizi ya kuchemsha, na mimi nimekaa na mwanangu mapajani, siwezi kumpanua mdomo. Nimesoma mpaka chuo kikuu. Najua meno ni meno. Mikono yangu haikujua. Nilipomtazama hatimaye, yalikuwa mawili, ya juu, meupe, yamekaa pamoja kama punje za mchele.

Niliwaza kumficha mpaka ya chini yatoke. Nakwambia ukweli huo kwa sababu wewe utauelewa. Nilimfundisha dada wa kazi amfunike uso wakitoka. Nilipogundua ninachokifanya nilikuwa nimeshakifanya wiki nzima.

Kisha mama mkwe wangu akaja kutoka Newala kutusalimia. Ni mtu wa mizaha, ungempenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mjukuu wangu yuko wapi, au mmeshampeleka chuo kikuu?"

Akampokea, akamrusha juu kidogo. "Mama Tumaini, huyu mnamlisha chaki? Mbona mzito hivi?" Tumaini akacheka kwa kinywa chote.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimshusha polepole, akanirudishia, kama mtu anayerudisha sufuria ya moto kwa mwenyewe.

"Ya chini yako wapi?"

"Bado, mama."

"Baba yake ameona?"

"Ameona."

Alikaa kwenye kiti, akafungua fundo la kanga, akalifunga tena. Ndipo akaniambia kwamba mikorosho yao yote Newala imepata ugonjwa wa ubwiri mwaka huu, wamepiga salfa mara tatu na maua bado yanakuwa meupe na kukauka, na alikuwa anajiuliza ni nini. Alilisema kwa huzuni, Bibi, bila hasira. Angekuwa na hasira ningepata nguvu.

"Kuna mama mmoja yuko Mnyambe," akasema. "Mkono wake mwepesi. Kazi hiyo ameachiwa na mama yake mzazi, marehemu. Siku mbili tu, mtoto anarudi amesafika."

Mnyambe. Ameachiwa na mama yake. Ni nyumba ileile uliyokaa nje ya mlango wake.

Nikasema hapana. Nilisema kwa adabu, nikasema tena. "Umelelewa na mama wa kanisa," akasema, "lakini na yeye alijua vya kanisa na vya nyumbani." Nilitaka kumuuliza anajua nini. Sikuuliza. Mpaka sasa sijui kama anajua.

Mume wangu ni fundi pikipiki, mtu mpole, haamini mambo hayo. Alirudi jioni, tukala, akasafisha kucha kwa kijiti kama anavyofanya akiwa na neno.

"Mama amelia, Mama Tumaini. Sijawahi kumwona analia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi siamini. Lakini siku mbili zitatupunguzia nini? Anakwenda, anarudi, moyo wa mama unatulia."

"Na asiporudi?"

"Kwa nini asirudi?"

Ningemwambia wakati ule. Sikulitaja jina lako. Miaka yote hii nimekuwa mjukuu wa yule mama wa vitambaa. Ndiyo sifa pekee niliyoingia nayo katika ukoo wao. Nikamjibu tu kwamba simtoi mwanangu, nikaingia ndani.

Tangu siku hiyo nyumba imebadilika. Jirani aliyekuwa analeta mwanawe kucheza amesema mwanawe ana kikohozi, na namwona yule mtoto anakimbia uwanjani, mzima. Dada wa kazi ameomba aende kwao. Jumapili kanisani, wakati wa kupeana amani, mwanamke aliyekaa nyuma yangu alinipa mkono, akamruka Tumaini aliyekuwa ameshanyoosha wake. Mwanangu aliuacha mkono hewani muda mrefu. Hajajifunza bado kuushusha.

Na jioni ya Jumapili hiyo mama mkwe akapiga simu. Hakuongea na mimi. Mume wangu alisimama mlangoni anasikiliza, anaitikia, "Ndiyo mama. Ndiyo." Alipokata akaniambia anakuja Ijumaa na shemeji zangu wawili, kumchukua mtoto. Aliongea huku anatazama viatu vyake. Nikaelewa kwamba Ijumaa hatasimama mlangoni kuwazuia.

Sasa nikuage, Bibi, maana leo ni Alhamisi na kuna mengi ya kupanga. Nakupenda. Napenda ulivyoniosha, ulivyonisomesha kwa korosho ulizookota umeinama, na naamini kwamba mbele za Mungu hata wewe huna cha kujisafisha ili upokewe, umeshapokewa, na labda uko na Yohana na anakucheka kwa meno yake. Lakini lipo jambo ambalo lazima ulisikie kwangu.

Jumanne sikwenda kazini. Nilimfunga Tumaini mgongoni, nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alikuwa mama wa makamo, alinisikiliza akaweka kalamu chini.

"Mwalimu," akasema, "dawa za kurudisha meno wanawapa watoto kila kijiji. Nikimfuata huyo mama wa Mnyambe atasema anatibu. Nikimfuata mkweo atasema bibi anamtembeza mjukuu. Una mtu unayemjua, kwa jina, aliyedhurika?"

Tumaini alikuwa anavuta kola yangu kwa nyuma. Nilijua hiyo ndiyo njia pekee ya watu wa serikali kufika Lisekese Ijumaa kabla ya shemeji zangu.

Nikamwambia ninaye. Nikamweleza yote, kuanzia mkekani mpaka hospitali, na aliandika kila neno, akanisomea, nikatia sahihi. Amesema kanisani Mkunya watakwenda kuuliza, na nyumbani Mnyambe watakwenda kuuliza, na kwamba likishaandikwa halifutiki. Nikasema naelewa. Kuna majina matatu ya watuhumiwa kwenye karatasi ile, Bibi. La mama wa Mnyambe wa sasa lipo, na la mama mkwe wangu lipo. La kwanza ni lako.

Mjukuu wako,
mama yake Tumaini