Bao Ambalo Kamera Haikuona

Alhamisi, 12 Desemba 2013

Mwaka mmoja na miezi minane tangu nitoke Kakamega. Leo tumemwaga zege la ghorofa ya pili, hapa Jebel, ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Mabega yameisha. Mchana mke wangu amepiga simu. Nafula, binti yetu, amepewa winga ya kushoto katika timu ya hoki ya mjini kwetu, na mechi ya Jumapili itaonyeshwa kwenye runinga. Nafula mwenyewe hakutaka kuongea. Hapokei simu yangu tangu Krismasi iliyopita. Niliahidi kurudi, nikabaki kazini. Ana haki. Inaniuma hata hivyo.

Jumamosi, 14 Desemba

Mama Kizza, Mganda mwenye hoteli tunakokula, ana dishi inayoshika stesheni za Kenya. Nimemwomba anifungulie hoki. Amekataa. "Jumapili vijana nataka mpira ya Ulaya. Hii yako ya fimbo nani iko naangalia?" Nikamwambia nitamtengenezea sakafu ya jiko, ina mashimo. Amekubali. Nimeyaziba leo hadi jioni. Saruji ni ya mjengo. Sitaandika zaidi.

Jumapili, 15 Desemba

Watu sita mezani, wote wamenuna. Kabla ya mechi uwanja ulimwagiwa maji. Ule wa nyasi bandia humwagiwa ili mpira uteleze. Gatluak, mwenyeji tunayechanganya naye zege, akasema, "Sisi tunanunua maji ya mto kwa pipa, nyinyi mnanywesha zulia." Wakacheka hadi Mama Kizza akatoka jikoni.

Mtangazaji hajui mchezo. Kona fupi anaiita penalti. Mpira ukigonga mguu anauliza mbona refa amepuliza. Mimi nilijifunza hoki nikifyeka nyasi za uwanja wa shule, na ninaijua kumshinda. Nilimtukana kwa Kiluhya.

Nafula amekuwa mrefu. Sikumtambua hadi alipokimbia. Anakimbia kama mama yake, viwiko nje.

Dakika ya sitini, bila kwa bila, akaupata mpira pembeni. Akampita mmoja. Akaingia ndani. Hapo kamera ikamwacha, ikaenda kwenye hema, mgeni wa heshima anakunywa soda. Tukasikia kelele. Iliporudi, wasichana wetu walikuwa wamerundikana. Moja bila. Hawakurudia bao. Mtangazaji alisema tu ni bao safi, hakusema la nani. Mechi ikaisha hivyo, yakafuata mahubiri.

Nimempigia mke wangu mara nne. Haingii. Gatluak anasema, "Msichana yako ndiye amefunga, kalas, basi, kula." Anataka tu ninyamaze.

Jumatatu, 16 Desemba

Risasi tangu jana usiku. Mwanzo zilikuwa mbali, baadaye upande wa Bilpam, kwenye kambi ya jeshi, sasa ni kila mahali. Tuko tisa chini ya ngazi ya mjengo. Hatujui nani anapigana na nani. Gatluak alienda kwake jana jioni, hajaonekana. Network mafi, wanavyosema hapa. Hakuna kabisa.

Naogopa. Na bado nafikiria lile bao. Ni aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyo.

Jumanne, 17 Desemba

Bado. Tumekula unga uliokorogwa kwa maji baridi. Wamepita wanaume wenye bunduki, wakiuliza kama kuna watu wa kabila la Gatluak. Mlinzi wa mjengo akawaambia humu ni wageni tu. Nikashukuru kwamba Gatluak hakuwa nasi. Halafu nikawaza yuko wapi.

Alhamisi, 19 Desemba

Kumetulia. Maiti mbili barabarani, zimefunikwa shuka. Mlinzi amesikia kwamba Gatluak aliingia kambi ya Umoja wa Mataifa na wanawe. Natumaini ni yeye.

Saa nane simu imeshika. Nilitarajia mke wangu. Akapokea Nafula. Nikauliza, "Nani alifunga?"

Akasema, "Baba, siku nne tunadhani umekufa, unaniuliza bao?"

"Kamera iliondoka."

"Si mimi. Kipa aliutema, namba tisa akamalizia." Akaanza kulia. "Usiniahidi kitu. Kuja tu."

Simu ikakatika.

Nimemwambia msimamizi naondoka. Amesema nikienda sasa nisirudi kuomba kazi kwake. Nimemwachia mwiko.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimule, mpakani. Tulipanda lori pale mtaa wa Sherikat asubuhi, lile linaloletaga ndizi kutoka Uganda. Leo limejaa watu. Mama Kizza yuko nasi, amefunga hoteli. Foleni ya pasipoti ni ndefu, na hakuna anayesukuma. Simu ya Gatluak haiiti.

Jua ni kali. Nimepata kivuli cha lori, naandikia gotini. Kutoka hapa ni Gulu, kesho Tororo.

Sijamwambia Nafula siku. Jumapili mchana nitafika Kakamega.